Nyota ya Jirani na Miezi 13 ya Thomas Henderson

Januari 1839, mjini London, Chama cha Kifalme cha Falaki kilisomewa waraka wa Thomas Henderson, Mwanafalaki wa Kifalme wa Uskoti. Waraka ulihusu nyota moja ya kusini, ile tunayoiita Rijili Kantori kwa jina tulilolirithi kwa Waarabu, na ambayo vitabu vya Kizungu huiita Alpha Centauri. Henderson alisema amepima paralaksi yake, yaani kule kuyumba kudogo kunakoonekana Dunia inapozunguka jua, na kupata kama sekunde 1.16 za nyuzi, ambazo ni kipimo cha pembe, si cha wakati. Maana yake ni kwamba alikuwa amepima umbali wa nyota, jambo ambalo wanafalaki walikuwa wakilihangaikia tangu siku za Copernicus.

Lakini alikuwa amechelewa. Oktoba 1838, kiasi cha miezi miwili na nusu kabla, Friedrich Bessel wa Königsberg alikuwa amekwisha kumwandikia mwanafalaki Mwingereza John Herschel habari za nyota 61 Cygni na umbali wake. Medali ya dhahabu ya chama hichohicho ilikwenda kwa Bessel mwaka 1841. Kinachouma ni kwamba vipimo vya Henderson vilikuwa vya mwaka 1832 na 1833, vilivyochukuliwa Afrika Kusini kabla Bessel hajaanza ule mfululizo uliompa ushindi. Kwa zaidi ya miaka mitano jibu lilikaa ndani ya madaftari.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mtu aliyekosa ujasiri: alikuwa na dhahabu mkononi, akaogopa kuionyesha. Sikubaliani na msimulizi wa namna hiyo. Ukikifuata hatua kwa hatua unakuta kwamba Henderson alikuwa na haki ya kusubiri, na kwamba kosa kubwa lilitokea mapema zaidi, siku alipopanda meli kuondoka Rasi ya Tumaini Jema. Nyota hii ilihitaji mtu wa kukaa nayo. Yeye alikaa miezi 13.

Kwanza tuione nyota yenyewe, maana wasomaji wa lugha hii wengi wanaweza kuiona bila shida. Mwishoni mwa Mei, saa nne usiku, simama ufukwe wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, utazame baharini upande wa kusini. Utaona nyota mbili kali zilizo karibu karibu, zikielekea Salibu, ule msalaba mdogo ulio magharibi yao. Ile ya kushoto, iliyo angavu zaidi, ndiyo Rijili Kantori. Iko zaidi kidogo ya theluthi moja ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Ukiwa Cape Town hupanda juu zaidi na haizami mwaka mzima. Ukiwa London au Edinburgh haichomozi kamwe, hata ukipanda mnara mrefu kiasi gani. Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika kisa hiki.

Wenyeji wa kusini waliijua muda mrefu. Kwa Wasotho na Watswana nyota hizo mbili pamoja na zile za Salibu ni twiga. Wasani wa kundi la ǀXam, ambao hadithi zao ziliandikwa na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd katika miaka ya 1870 huko Mowbray, jirani kabisa na kituo cha falaki alichofanyia kazi Henderson, waliziita simba dume. Watu hao walikuwa wameletwa Cape Town kama wafungwa kutoka nyanda kavu za ndani, nyanda ambazo leo zimejaa darubini kubwa za Afrika Kusini. Nalitaja hili kwa sababu historia ya falaki ya nchi ile mara nyingi huanza na meli kutoka Ulaya, na haikuanza hapo.

Sasa kipimo. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho moja, kisha fumbua hilo na ufumbe la pili. Kidole kinaruka mbele ya ukuta ingawa hujakisogeza. Nyota iliyo karibu nayo huruka vivyo hivyo mbele ya nyota za mbali, na badala ya macho mawili tuna Dunia yenyewe ikiwa Januari upande huu wa jua na Julai upande wa pili, umbali wa kilomita milioni 300 hivi. Nusu ya mruko huo ndiyo paralaksi, na ukishaijua, umbali unatoka kwa hesabu ya pembetatu. Shida ni udogo wake. Gawa digrii moja mara 3,600 upate sekunde moja ya nyuzi: ni upana wa kifungo cha shati cha sentimita 1 kikitazamwa kutoka kilomita 2. Nyota zote, isipokuwa jua letu, zina paralaksi ndogo kuliko sekunde moja.

Tena mruko huo haujitokezi peke yake. James Bradley alipokuwa akiutafuta, alitangaza mwaka 1729 kwamba nyota zote huyumba kwa kiasi cha sekunde 20 kila mwaka kwa sababu ya mwendo wa Dunia ukilinganishwa na kasi ya nuru. Baadaye akagundua kwamba mhimili wa Dunia nao hutikisika, sekunde 9 hivi. Hewa hupindisha nuru, na upindaji hubadilika na joto na baridi. Na joto na baridi hufuata mwaka, kama paralaksi inavyofuata mwaka. Ukuta wa jengo ukivimba kidogo wakati wa kiangazi na kunywea wakati wa baridi, kifaa kilichofungwa ukutani kitaonyesha nyota ikienda na kurudi, na mpimaji atashangilia kivuli cha ukuta wake mwenyewe. Katika ujana wake Henderson alikuwa amekua akisoma mzozo wa namna hiyo: John Brinkley wa Dublin alidai kwamba amepata paralaksi za zaidi ya sekunde 1 kwa nyota kadhaa angavu, John Pond wa Greenwich akakanusha kwa miaka mingi, na hatimaye ikaonekana Brinkley alikuwa amekosea. Brinkley hakuwa mzembe. Ndiyo maana kosa lake liliwatisha waliomfuata.

Tuje Rasi. Kituo cha Kifalme cha Rasi ya Tumaini Jema kiliamriwa kwa tangazo la serikali ya Uingereza la Oktoba 1820. Sababu haikuwa upendo wa elimu peke yake. Meli zilipita Rasi kwenda India, na nahodha bila nafasi sahihi za nyota za kusini hana uhakika yuko wapi. Abate Nicolas-Louis de Lacaille kutoka Ufaransa alikuwa amekwisha kufika mwaka 1751, akaishi Strand Street na darubini ambayo kioo chake kilikuwa na upana wa nusu inchi tu, na akaandika nafasi za nyota karibu 10,000. Ni yeye aliyegawa makundi mapya 14 ya nyota za kusini, moja akalipa jina la Mlima Meza. Ilikuwa kazi ya ajabu kwa mtu mmoja, ila nusu inchi ni nusu inchi, na mabaharia wa karne iliyofuata walitaka usahihi zaidi.

Mwanafalaki wa kwanza wa kituo, Fearon Fallows, alifika 1821 akasubiri jengo kwa miaka. Lilipokamilika mwaka 1828 lilikuwa jeupe, zuri, na nguzo za Kigiriki mbele, juu ya kilima kilichoitwa Slangkop, yaani kichwa cha nyoka, kati ya mito miwili na kinamasi. Hakukuwa na miti ya kuzuia upepo. Fallows alizika watoto wake huko. Wasaidizi walipoondoka, mkewe Mary Anne alisimama kwenye kifaa kimoja na yeye kwenye kingine, usiku kwa usiku. Julai 1831 alifariki akiwa na miaka 42, akazikwa mbele ya jengo alilolijenga. Kaburi liko pale hadi leo.

Henderson alikuja badala yake Aprili 1832. Alizaliwa Dundee mwaka 1798, akafanya kazi kama karani wa wanasheria mjini Edinburgh, na falaki aliisoma mwenyewe baada ya kazi. Macho yake yalikuwa mabovu na afya yake haikuwa ya kutegemea. Kilichomwinua ni hesabu: aliweza kuchukua vipimo vya wengine, vichafu, akavisafisha mpaka vikasema kitu. Kwa hiyo serikali ilimpeleka mtu wa karatasi mahali palipohitaji mtu wa mwili mgumu. Alipachukia tangu mwanzo. Nyoka, kinamasi, upweke, wasaidizi wachache. Alipaita kinamasi cha huzuni. Mei 1833 alikwishajiuzulu na kupanda meli.

Wanaomwita mvivu hawajaangalia madaftari. Katika miezi hiyo 13 alichukua vipimo kati ya 5,000 na 6,000 vya nafasi za nyota, tena juu ya hizo akafuatilia nyota-mkia ya Encke na ya Biela, na sayari ya Mirihi ilipokaribia. Msaidizi wake, Luteni William Meadows, alisimamia darubini ya mpito, ile inayosubiri nyota ikatize mstari wa kaskazini na kusini ili saa isomwe. Henderson mwenyewe alishika duara la ukutani.

Duara hilo linastahili kuangaliwa kwa karibu, maana nusu ya kisa imo ndani yake. Fikiria gurudumu la shaba lenye kipenyo cha futi 6, lililotengenezwa na Thomas Jones wa London, limesimamishwa wima kwenye ukuta mnene wa mawe likitazama kusini na kaskazini. Juu yake imefungwa darubini. Ukingoni kuna alama ndogo ndogo zilizochongwa, za digrii na vipande vya digrii, na ukutani kuna hadubini 6 zinazozunguka duara, kila moja ikichungulia alama zake. Nyota inapokaribia kati, mpimaji huinua au huteremsha darubini mpaka nyota iteleze juu ya uzi mwembamba ndani ya kioo. Kisha huacha nyota, huchukua taa, na kwenda kwenye hadubini moja baada ya nyingine, akizungusha skrubu na kuandika: hii inasema hivi, ile inasema vile. Sita kwa kila nyota. Usiku mzima. Sekunde moja ya nyuzi kwenye ukingo wa gurudumu hilo ni chini ya sehemu moja ya mia ya milimita.

Na duara lilikuwa na ugonjwa. Hadubini hazikukubaliana. Fallows aliliona hilo na lilimtesa mpaka alipokufa, akidhani kifaa alichopewa hakifai. Henderson, karani wa hesabu, alilitazama tatizo kwa jicho lake na kuona kwamba makosa ya upande mmoja hulipwa na ya upande wa pili: ukichukua wastani wa hadubini zote 6, sehemu kubwa ya kosa inajifuta. Kwa hiyo aliendelea kupima. Lakini mtu aliyefanya kazi mwaka mzima na kifaa anachojua kina kasoro hawezi kulala usingizi mzito juu ya sekunde moja. Tunaposema alisita, tukumbuke alikuwa akisitia nini.

Rijili Kantori ilikuwa mojawapo tu ya nyota katika orodha yake. Aliipima kwa sababu ni angavu na mabaharia wanaihitaji. Hakuwa akitafuta umbali wake.

Hapo ndipo barua inapoingia. Kisiwani Saint Helena, Manuel Johnson, luteni wa mizinga wa Kampuni ya Mashariki ya India, alikuwa akiandaa orodha ya nyota 606 za kusini. Naye aliwahi kufika Rasi kushauriana na Fallows. Katika kazi yake aliona kwamba Rijili Kantori inatembea. Ukilinganisha nafasi yake na ile aliyoiacha Lacaille miaka 80 nyuma, nyota imesogea karibu dakika 5 za nyuzi, zaidi ya sekunde 3 na nusu kila mwaka. Kwa nyota hiyo ni mbio. Mtu akiona basi likipita kwa kasi na ndege angani ikionekana kwenda polepole, anajua kipi kiko karibu naye. Nyota angavu, iliyo kwa kweli nyota mbili zinazozungukana kwa upana, na yenye mbio kama hizo, lazima iwe jirani.

Johnson alimpasha Henderson habari hiyo. Ilimkuta Rasi siku zake zikiwa zimekwisha, mizigo iko njiani.

Hapa nasimama kila nikisoma kisa hiki. Kama habari ile ingemfika Aprili 1832 badala ya mwisho wa safari, Henderson angeweza kupanga vipimo vya nyota hiyo kwa majira: vingi zaidi katika miezi ambayo paralaksi inavuta juu, vingi zaidi katika miezi inayovuta chini, na nyota nyingine jirani zipimwe usiku huohuo kwa kifaa hichohicho ili kosa la ukuta lijulikane. Badala yake alikuwa na vipimo vilivyochukuliwa kwa kazi nyingine, visivyotosha pale vilipohitajika. Ni kama kuambiwa kisimani kwamba ulipaswa kuja na ndoo mbili.

Alifika Uskoti, na mwaka 1834 akateuliwa kuwa wa kwanza kushika cheo cha Mwanafalaki wa Kifalme huko, kwenye kituo cha Calton Hill, Edinburgh. Akakaa mezani, akaanza kuvisafisha vipimo vya Rasi. Namba zikasema: nyota hii inayumba kwa mwaka, na inayumba kwa kiasi kinachofaa paralaksi ya zaidi ya sekunde 1.

Mtu mwingine yeyote, katika hali hiyo, angetoka nje usiku akaitazame tena. Henderson hakuweza. Nyota ilikuwa chini ya upeo wake, na ingekaa chini ya upeo wake maisha yake yote. Alikuwa na duara jipya na saa nzuri na anga la Edinburgh, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Angeweza kufanya mambo mawili tu: kuangalia kama vipimo vya Meadows kwenye darubini ya mpito, ambavyo vilitegemea kifaa tofauti na saa, vinakubaliana na vyake vya duara, na kumwomba mrithi wake Rasi, Thomas Maclear, aliyefika Januari 1834, aipime nyota hiyo upya. Barua ilikwenda kwa meli, majibu yakaja kwa meli, na upimaji wenyewe ulihitaji mwaka mzima au zaidi, kwa kuwa Dunia haiharakishwi.

Wakati huo Königsberg, Bessel alikuwa na kifaa cha namna nyingine kabisa. Heliomita yake, iliyobuniwa na Joseph von Fraunhofer, ni darubini ambayo kioo chake cha mbele kimekatwa katikati kama chungwa, na nusu mbili zinateleza moja ubavuni mwa nyingine. Kila nusu huonyesha picha yake. Unazungusha skrubu mpaka picha ya nyota unayoitafiti, kutoka nusu moja, ikae juu ya picha ya nyota hafifu ya jirani, kutoka nusu ya pili. Idadi ya mizunguko ya skrubu ndiyo umbali kati yao. Uzuri wake ni kwamba ukuta ukivimba, nyota zote mbili zinapata uvimbe uleule. Hewa ikipinda, inapinda kwa wote. Makosa yaliyomla Brinkley na kumtisha Henderson hufutika yenyewe, kwa kuwa hupimi nyota dhidi ya jengo, unapima nyota dhidi ya nyota. Bessel alifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, akapata sekunde 0.314 kwa 61 Cygni. Thamani ya leo ni kama 0.286. Alikosea kwa sehemu moja ya kumi.

Henderson alipoandika 1.16, thamani ya kweli ni kama 0.75. Alizidisha kwa zaidi ya nusu. Kwa hesabu yake nyota ingekuwa umbali wa miaka nuru 2.8, ukweli ni karibu 4.4. Ndiyo sababu nasema hakuwa mwoga. Hofu yake ilikuwa sahihi. Kulikuwa na paralaksi ndani ya namba zile, na kulikuwa na uongo wa kifaa uliochanganyika nayo, na kutoka Edinburgh hakukuwa na njia ya kutenganisha cha kweli na cha uongo. Kama angetangaza mwaka 1834, wazee waliokumbuka habari ya Brinkley wangemtia kundi lilelile, na sijui kama wangekosea kumshuku. Wilhelm Struve wa Dorpat naye alitangaza paralaksi ya nyota Vega mwaka 1837, namba nzuri, halafu mwaka 1840 akaibadilisha kuwa karibu maradufu. Watu walimwamini Bessel kwa sababu ya njia aliyotumia, na kwa sababu alimaliza kazi kabla ya kuitangaza.

Basi kosa liko wapi? Liko katika kuondoka. Simlaumu kama mtu. Mwenye mapafu na macho kama yake, penye kinamasi na kaburi la mtangulizi mlangoni, ana ruhusa ya kutaka kwenda kwao. Walaumiwe walioweka kituo mwisho wa bara, wakakipa kifaa kibovu, msaidizi mmoja na nusu na barabara ya matope, kisha wakatarajia matokeo ya Greenwich. Kituo kilianzishwa kama duka la kuwatengenezea mabaharia orodha. Swali la maana kuliko yote lilipopita mlangoni, hakukuwa na mtu mwenye nafasi ya kulipokea.

Na kuna jambo jingine. Herschel mwenyewe, aliyekuja kuwasifu wapimaji wa paralaksi, alikuwa amekaa Rasi kuanzia 1834 hadi Machi 1838, pale Feldhausen, akichora nebula, yale mawingu hafifu ya angani, na nyota pacha za kusini kwa darubini yake kubwa. Rijili Kantori ilikuwa juu ya paa lake. Lakini darubini ya kuona vitu hafifu si chombo cha kupima sekunde moja, na kila mtu alikuwa na kazi yake. Anga la kusini lilikuwa pana mno kwa watu wachache kiasi hicho.

Maclear ndiye aliyekaa. Mwaka 1839 kituo kilipata duara jingine, bora kuliko lile, na katika 1839 na 1840 akaipima nyota ya Henderson kama alivyoombwa. Matokeo yakawa sekunde 0.91 hivi. Bado kubwa, lakini imeshuka kuelekea kwenye ukweli, na imetoka kwenye kifaa tofauti na mikono tofauti. Henderson aliishi kuiona namba hiyo. Alifariki Edinburgh tarehe 23 Novemba 1844, akiwa na miaka 45.

Maclear alibaki Rasi mpaka mwisho wa maisha yake. Ndiye aliyepima upya mstari wa kaskazini na kusini ambao Lacaille aliupima ardhini ili kujua umbo la Dunia, ule uliofanya watu wadhani kwamba Dunia upande wa kusini ina umbo tofauti, akaonyesha kwamba milima ilikuwa imevuta timazi ya Lacaille pembeni. Kazi hiyo ilimchukua miaka, juu ya vilima na jangwani, na ingehitaji makala yake.

Jibu la nyota lilikuja mikononi mwa David Gill, aliyeshika kituo mwaka 1879 na kukaa miaka 28. Gill alikuja na heliomita yake mwenyewe ya inchi 4. Alijiunga na William Elkin, kijana aliyekwisha kuandika tasnifu yake Strasbourg juu ya nyota hiihii kwa kutumia vipimo vya wengine, na kati ya 1881 na 1883 wakaipima kwa njia ya Bessel, nyota dhidi ya nyota. Walipata sekunde 0.75. Miaka 50 tangu Henderson, kwenye kilima kilekile, kwa chombo kinachostahili, na mtu asiye na haraka ya kwenda bandarini. Namba hiyo karibu haijabadilika mpaka leo, hata vyombo vya angani vilipokuja kuikagua.

Miongoni mwa waliofanya kazi chini ya Gill alikuwa Robert Innes, mzaliwa wa Edinburgh, mfanyabiashara wa mvinyo aliyeacha biashara kwa ajili ya nyota. Baadaye akaongoza kituo cha Johannesburg. Mwaka 1915 alikuwa akilinganisha bamba mbili za picha za eneo la Rijili Kantori zilizopigwa kwa miaka tofauti, kwa mashine inayoonyesha hii na ile kwa kupokezana, hii, ile, hii, ile, mpaka kilichosogea kirukeruke machoni. Nukta hafifu, isiyoonekana kwa macho, digrii 2 hivi kutoka kwa nyota kubwa, iliruka, na ilikuwa na mbio zilezile alizoziona Johnson. Innes akapendekeza iitwe Proxima, ya karibu zaidi. Iko miaka nuru 4.24 kutoka kwetu. Mwaka 2016 ilijulikana kuwa na sayari.

Kilima cha Slangkop leo kimezungukwa na mji, na mtaa wa jirani unaitwa Observatory. Makao makuu ya falaki ya Afrika Kusini bado yako palepale, lakini darubini zilihamishwa tangu miaka ya 1970 kwenda Sutherland, kwenye giza la Karoo, ambako darubini ya SALT yenye kioo cha vipande 91 ilizinduliwa mwaka 2005. Rijili Kantori nayo imehama. Tangu Henderson alipofunga daftari lake Mei 1833, imesogea karibu dakika 12 za nyuzi kutoka mahali alipoiandika, zaidi ya theluthi moja ya upana wa mwezi mpevu.